Muulize Kocha wa Tenisi

Swali: Assalamu alaikum kocha. Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Mjomba wake anafanya kazi hotelini, akamletea raketi iliyoachwa na mgeni. Kila akitoka mazoezini analalamika kiwiko, na mipira mingi yampita juu ya kichwa. Nimtoe? (Mama, Barani, Malindi)

Jibu: Waalaikumu salaam, mama. Usimtoe. Tenisi yamfaa, raketi ndiyo haimfai. Ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68 na nusu. Wa umri wake hutosheka na ya 53 au 58. Mpime hivi: asimame wima, mkono uning'inie ubavuni, ashike mwisho wa mpini. Ncha ya raketi ikigusa sakafu bila yeye kukunja kiwiko, hiyo ni saizi yake. Na usimpelekee fundi aukate mpini. Nimeletewa raketi za namna hiyo mara nyingi: uzito wote wabaki kichwani, kiwiko chaumia zaidi.

Mpira nao ni shida. Ule wa manjano wa kawaida ukidunda kwenye saruji humpita mtoto wa miaka saba. Ndiyo sababu tangu 2012 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, halikubali utumike katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Wadogo hutumia mwekundu, ambao mwendo wake umepunguzwa kwa asilimia 75, kwenye kiwanja cha mita 11 na wavu wa sentimita 80. Kocha wake akikosa mipira hiyo, aombe ile iliyokufa pumzi kwenye mahoteli. Si sawa kabisa, lakini hairuki sana. Kwa sasa mpumzishe hadi maumivu yaishe. Yakiendelea, mpeleke kwa daktari.

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 22, natoka Maweni. Nilianza kuokota mipira hotelini nikiwa shule ya msingi, sasa nacheza na wageni kwa malipo. Nataka kufundisha watoto iwe kazi yangu ya maisha. Wenzangu wanacheka, wasema haina pesa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Kuhusu pesa wenzako hawajakosea sana. Mgeni hulipa kwa saa moja zaidi kuliko watoto wote wa mtaa wanavyolipa kwa mwezi, na wapo watakaokuletea maembe badala ya ada. Usimwache mgeni. Fanya naye kazi Disemba hadi Machi, uweke akiba, kwa sababu mvua za masika zikiingia hoteli nyingi hufunga milango na wewe utabaki na watoto peke yao. Mimi nimelea familia kwa mpango huo mpaka mvi zimenitoka.

Lakini kucheza na mgeni si kufundisha. Mgeni ataka mpira urudi, basi. Mtoto ataka mpira umjie mahali pamoja, kimo kimoja, mara hamsini. Kwa hiyo iweke raketi kando ujifunze kurusha kwa mkono. Piga goti hatua mbili mbele yake, upande kidogo, urushe chinichini, udunde ufike kiunoni. Mtazame miguu, usitazame mpira unakokwenda. Mtoto anayechelewa kupiga, mara nyingi miguu ndiyo imechelewa.

Upepo utakusaidia ukiujua. Viwanja vingi huelekezwa kaskazini na kusini ili jua lisimpige mchezaji machoni. Basi wakati wa kusi, anayeanza mweke upande wa kusini, upepo umpige mgongoni: mpira unaomjia utapunguza kasi. Aliyekomaa mpeleke ng'ambo, auone ukija mbio na kila pigo lake likirudishwa na upepo. Watalii huuchukia upepo huu. Mimi naupenda, hauniombi mshahara.

Jambo linaloniudhi kwa makocha vijana ni foleni. Watoto kumi wamesimama, mmoja anapiga, tisa wanachezea mchanga. Wiki ya tatu hutawaona, wameenda kwenye mpira wa miguu, na hawana makosa. Chora viwanja vinne vidogo kwa chaki, funga kamba iwe wavu, wote wapige.

Karatasi pia uzitafute: kozi za ukocha za ITF huandaliwa hapa nchini kupitia Tennis Kenya. Zianze kabla hujaoa, ndiyo rahisi. Na wazazi watakuja na jina la Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wafurahie, lakini usimwahidi mzazi yeyote Wimbledon. Mwahidi kwamba mtoto atatoka alasiri, atatoka jasho, na atakuwa nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Hiyo unaweza kuitimiza.

Swali: Binti yangu ana miaka 11, avae nini mazoezini? (Baba, Shela, Malindi)

Jibu: Buibui alivue akifika, ndani awe na suruali pana na fulana ya mikono mirefu. Mtandio aufunge nyuma ya shingo, bila pini. Viatu viwe vya kamba. Ndala hapana, hata siku ya kwanza.