Sista Aliyenyamaza Wodini Hajapoteza Wito

Ukifanya kazi leba muda mrefu utamwona muuguzi hodari akibadilika. Hagombani na mtu. Anaanza tu kumwita mama kwa namba ya kitanda, na mama akilia kwa uchungu yeye anajaza faili bila kuinua macho. Wakubwa husema kapoteza wito. Mimi sikubali, kwa sababu hali hiyo, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, imenikuta na najua ilianzia mwilini.

Mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mwili wako haungoji uamue. Neva za simpathetiki, upande wa mfumo wa neva unaouandaa mwili kwa hatari, zinaziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, homoni ya adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio na tumbo linasitisha kazi yake. Homoni nyingine, kortisoli, inafuata, inapandisha sukari kwenye damu ili nguvu zisikatike. Huo ni msaada mkubwa: unakanda mji wa mimba, unaagiza oksitosini, dawa ya kuukaza mji huo, unamwita mwenzako, yote kwa pamoja na mikono haitetemeki. Hatari ikipita, upande wa pili wa mfumo huo, parasimpathetiki, hushika zamu. Neva yake kuu ni vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, na kazi yake ni kukutuliza. Ila kwetu mama mwingine keshafika mlangoni kabla mapigo hayajashuka.

Hali hiyo ikiendelea miezi na miezi, unalala siku nzima ya ofu na kuamka umechoka vilevile. Shingo inakaza, tumbo linavuruga, simu ikilia unashtuka. Mwisho hisia zenyewe zinafifia. Mimi nilitambua kwa kilio cha kwanza cha mtoto. Kilikuwa kinanifurahisha hata saa tisa usiku, kisha ikafika zamu nikakisikia, nikaandika saa ya kuzaliwa, basi. Niliogopa sana.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kuwa inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Dalili ilizozitaja ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo, na kuona huna unachokifanya kikafaa. Hazungumziwi mtu mvivu hapo.

Kilichonisaidia kwanza ni pumzi. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza unapoitoa, kwa hiyo nikinawa mikono kati ya mama na mama, naitoa taratibu, ndefu kuliko nilivyoivuta, mpaka mabega yashuke. Nikitoka naiti sifungui kundi la WhatsApp la wodi. Nafunga mapazia, nalala. Nilipima damu pia, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na huu. Na ukifika mahali unaona afadhali usiwepo duniani, usingoje zamu iishe, mwone daktari siku hiyohiyo.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: tukimpoteza mama, tusiachane mlangoni kila mtu na daladala yake. Tuketi, hata kwa kikombe kimoja cha chai, kila aliyekuwepo aseme alichokiona. Hicho si kikao cha kutafuta nani alichelewa, na anayetaka kukigeuza hivyo azuiwe. Nimeona dada mmoja akilia pale kwa mara ya kwanza baada ya vifo kadhaa alivyovibeba kimya, na usiku ule, alituambia kesho yake, alipata usingizi.

Nanyi mainchaji, wasimamizi wa wodi, pumzi haizibi pengo la watumishi. Mnapopanga rosta, msimtoe mtu naiti mkamrudisha mchana wake. Yule sista aliyenyamaza mpangieni kazi kliniki ya watoto kwa muda, na mwambieni mapema kwamba hajaadhibiwa.