Nimeitwa kwenye usaili wa chuo kidogo: kamati itanipima kwa lipi?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni Mtanzania, namalizia uzamivu wa uhandisi wa kemikali hapa Texas. Chuo kimoja kidogo cha Pennsylvania, kisicho na wanafunzi wa uzamili wala uzamivu, kimeniita kwa usaili wa siku nzima. Nitafundisha kipindi kimoja cha mwaka wa pili, kisha nitaeleza utafiti wangu. Msimamizi wangu anasema machapisho yangu yanatosha. Ni kweli? Na suala la viza nilitaje lini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera. Machapisho ndiyo yaliyokufanya uitwe. Kazi yake imeishia hapo. Msimamizi wako amezoea vyuo vikuu vya utafiti. Huko unakokwenda idara nzima ina walimu wa kuhesabika, na mmoja akienda likizo ya masomo wengine wanagawana vipindi vyake. Wanatafuta mwenzao, tena wa kukaa naye miaka mingi.

Kwa hiyo wakikuuliza ungependa kufundisha nini, usitaje tu yale masomo yanayokaribiana na tasnifu yako. Taja thermodainamiki, uhamishaji joto, udhibiti wa mitambo, na hasa maabara ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ile yenye pampu na mnara wa kukenekea. Maabara hiyo inakula muda kuliko kitu chochote, na anayeikwepa hujulikana kabla ya chakula cha mchana.

Usalama wa mitambo nao ukiweza kuufundisha, sema. Desemba 2007 kiwanda cha T2 Laboratories, Jacksonville, Florida, kililipuka baada ya mchanganyiko kupata joto lisilozuilika, watu 4 wakafa. Mmoja wa wamiliki wake alikuwa mhandisi wa kemikali. Wachunguzi wa serikali wakapendekeza hatari za namna hiyo ziingizwe kwenye shahada ya kwanza, na leo ABET, chombo kinachothibitisha ubora wa programu za uhandisi Marekani, kinataka mtaala wa uhandisi wa kemikali ugusie hatari za uzalishaji. Idara ndogo mara nyingi haina mtu wa kulibeba somo hilo.

Sasa kipindi chako, maana hapo ndipo kazi hupatikana au hupotea. Wengi huja na slaidi arobaini. Wewe njoo na swali moja. Mathalani mtambo wa amonia: gesi isiyogeuka kuwa amonia inarudishwa kwenye kinu, izunguke tena. Kila saa zinaingia moli 100 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) za gesi mpya, na moli 1 kati ya hizo ni argoni, ambayo haishiriki mmenyuko wowote. Amonia inatolewa ikiwa kimiminika, na tuchukulie haibebi argoni. Waulize: baada ya wiki, argoni iko wapi?

Hapo nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi huwashinda wasailiwa wengi, wakajijibu wenyewe, na kamati iliyokaa nyuma inaona. Subiri mwanafunzi mmoja aseme inajazana humo humo. Ndipo muulize mwenzake tuitoeje. Wakishakubaliana kwamba lazima sehemu ya gesi imwagwe nje, wape sharti: argoni isizidi asilimia 10 ya gesi inayozunguka. Watafika wenyewe kwenye moli 10 za gesi kwa saa, ndani yake ile moli 1 ya argoni, na wengine watalalamika kwamba tunamwaga haidrojeni nzuri. Lalamiko hilo ni zuri kuliko hotuba yoyote utakayoandaa.

Kwenye utafiti, kumbuka mikono utakayoipata: vijana wenye saa chache kwa wiki, na wiki kama kumi za kiangazi. Mradi unaohitaji mwaka wa kujifunza mashine haufai. Ukate vipande ambavyo kijana wa mwaka wa tatu anaweza kukimaliza kimoja, na uonyeshe unaufahamu mpango wa ruzuku za utafiti wa RUI wa NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, uliowekwa kwa ajili ya vyuo vya aina hii. Usiombe vifaa vyote alivyonavyo msimamizi wako. Mtu wa kuvitengeneza vikiharibika utakuwa wewe.

Viza: wakiuliza kama utahitaji kudhaminiwa, jibu ukweli. Wasipouliza, ngoja barua ya kazi, kisha uliza kabla hujaisaini. Vyuo haviingii kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, ila Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya, basi mwulize mwanasheria wa chuo kama inakuhusu wewe uliye tayari ndani ya nchi. Kwa ukaazi wa kudumu, walimu wa vyuo wana njia yao nyepesi, lakini ombi la uthibitisho wa ajira (labor certification) lazima chuo kilipeleke Wizara ya Kazi ya Marekani ndani ya miezi 18 tangu ulipochaguliwa. Waombe mapema watunze nakala ya tangazo la kazi lenye tarehe, kwa kuwa litahitajika kama ushahidi.