Miwani, ungo wa maharagwe na maziwa ya mtoto wa nasari

Mwanangu alizaliwa wiki ya 31, gramu 1,380, akakimbizwa nasari, ile wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, kabla sijamshika. Mimi nikabaki wodini, matiti yamejaa lakini hayatoi. Siku ya tatu nilikamua nusu saa nzima nikapata mililita 4. Nazikumbuka kwa sababu zilipimwa kwa bomba la sindano nikiangalia, na mtoto alikuwa anatakiwa apewe mililita 8 kila baada ya saa tatu kupitia mpira wa puani.

Aliyewahi kukaa kwenye chumba cha kukamulia anakijua. Mabenchi ya mbao, akina mama kumi na leso zao, kila mmoja na kikombe chake chenye jina juu ya plasta. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni, macho yote yako kwenye vikombe. Mwenye maziwa mengi anafunika chake kwa kiganja asionekane anaringa, na mwenye matone anafunika vilevile. Upande wa pili wa ukuta mashine zinalia, na kila zikilia moyo unaruka: ni wangu?

Muuguzi mmoja aliniambia, "Mama, punguza mawazo, maziwa yatakuja." Najua alinitakia mema. Lakini tangu siku ile nimeamini kwamba usimwambie mama mwenye mtoto nasari apunguze mawazo kama huna kitu cha kumpa ashike badala ya hayo mawazo. Mawazo hayapunguzwi kwa amri.

Na si kwamba alikosea kuhusu mwili. Maziwa yanategemea homoni mbili. Prolaktini inayatengeneza, oksitosini inabana vifuko vya maziwa ndani ya titi ili yashuke hadi kwenye chuchu. Hofu, maumivu na aibu huizuia hiyo oksitosini isifanye kazi yake. Kwa hiyo unaweza kuwa na maziwa na yasitoke. Mama aliye nyumbani anasikia mtoto akilia, leso inalowa hata kabla hajamnyonyesha. Sisi tulikuwa tunasikia mashine. Mbaya zaidi, titi lisipotolewa maziwa hupunguza kuyatengeneza, ndiyo maana mama ambaye mtoto wake hawezi kunyonya anahimizwa akamue mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ukikosa leo kwa sababu ya hofu, kesho unakosa kwa sababu ya upungufu.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anatengeneza simu karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Siku ya tano alikuja saa ya kuona wagonjwa na kitu cha plastiki cheusi kwenye mfuko wa karatasi. Miwani ya uhalisia pepe (VR), ile vijana wanacheza nayo, inayokufanya uone kama uko mahali pengine. Hii haikuwa ile ya bei kali yenye kompyuta ndani. Ni fremu tu yenye lenzi mbili, unachomeka simu yako mbele, na simu inagawanya picha mara mbili, moja kwa kila jicho. Google walianza kutoa ya aina hiyo, ya kadibodi, mwaka 2014. "Shemeji," akaniambia, "hebu toka humu ndani kidogo."

Jaribio la kwanza liliharibika kabisa, na ninalieleza ili wewe usilirudie. Alikuwa amenipakulia video ya boti inayokata mawimbi baharini. Nikavaa nikiwa na kikombe mkononi, nikaanza kukamua. Dakika mbili hazijaisha boti ikapanda wimbi, tumbo nalo likapanda, nikaegemea upande kana kwamba mimi ndiye niliye botini, na kikombe kikamwagika mapajani. Yalikuwa mililita 6. Wanaokamua watanielewa kwa nini nililia kwa mililita 6.

Hapo nilijifunza mambo mawili ambayo sijaona mtu akiyasema wazi. Ukivaa miwani huoni kikombe. Kama una pampu, pengine haidhuru, lakini wengi wetu tunakamua kwa mkono, na mkono unahitaji macho. Kwa hiyo miwani huja kabla ya kukamua. Mimi nilikuwa nakaa nimeegemea, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kifuani, miwani usoni kwa dakika kumi, kisha naivua, nanawa mikono, ndipo naanza. Jambo la pili, picha isitembee. Maji yaweza kutembea, ndege wapite, lakini pale ulipokaa wewe pawe palepale. Kichefuchefu hutokea macho yanapoambiwa unasafiri na mwili unajua umekaa.

Nilipata pia kusoma kwamba wazo lenyewe si geni. Mwaka 1989 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa akina mama wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Waliosikiliza kaseti ya kuwatuliza na kuwapa taswira akilini walitoa maziwa kwa asilimia 63 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa kaseti, katika ukamuaji mmoja uliopimwa. Kaseti tu! Miwani ni mjukuu wa kaseti ile. Utafiti kuhusu miwani kwa mama anayekamua bado ni mchache na wa vikundi vidogo, basi asikuuzie mtu kama dawa.

Kilichobadilisha mambo kwangu kilikuwa video ya pili. Shemeji aliazima kwa mpiga picha wa harusi kamera ya nyuzi 360, ile inayorekodi pande zote kwa pamoja, akapanda matatu ya Chavakali hadi kwa mama yangu, Vihiga. Akaiweka juu ya kigoda chini ya mparachichi, kimo cha mtu aliyekaa, akaondoka asionekane. Mama aliambiwa afanye kazi zake tu.

Nilipovaa, nilikuwa nimekaa nyumbani. Mama alikuwa mbele yangu na ungo wa maharagwe mapajani. Anapepeta mara mbili, anasimamisha, anachambua kwa kidole cha shahada, changarawe anaitupa nyuma ya bega bila kuangalia, kama alivyofanya tangu nikiwa mdogo. Nikageuza kichwa kulia, jogoo. Kushoto, moshi wa jikoni na yale mawe makubwa ya Maragoli juu kilimani. Kwa mbali pikipiki. Kisha mama akainua uso, akaangalia kamera kwa aibu, akasema kwa Kiluhya chetu, pole pole, "Mwanangu, umekula?"

Mgongo ulilegea. Nilisikia ule mchomo kama sindano ndogondogo kifuani, na leso ikalowa kabla sijavua miwani. Siku ile usiku nilikamua mililita 15.

Sitasema ni miwani peke yake. Wiki hiyohiyo nilianza kumbeba mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi, na hakuna kifaa kinachofikia hapo. Utunzaji huu wa kangaruu ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri uanze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Hospitali ikikuruhusu kumbeba, weka miwani mfukoni, umbebe. Na usithubutu kuvaa ukiwa umembeba. Watoto hawa huweza kuacha kupumua ghafla, na macho yako ndiyo mashine ya kwanza kugundua.

Upande wa usalama, nitasema kama ninavyowaambia akina mama wanaoniuliza. Mwenye kifafa, au aliyepata degedege kwa sababu ya presha ya uja uzito, asivae. Mwenye kichwa kinachouma sana au macho yanayoona vimulimuli aache hata kufikiria miwani, amwite daktari sasa hivi, maana hiyo yaweza kuwa dalili ya presha. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji na bado ana kizunguzungu asubiri, halafu avae akiwa amekaa, si amesimama. Simu ina uchafu kuliko tunavyokubali, kwa hiyo nawa kwa sabuni baada ya kuishika na kabla ya kushika titi, na usiingie nayo nasari. Miwani ikizunguka kwa watu wawili, futa kwa spiriti na kila mtu aweke kitambaa chake safi kinapogusa uso. Sauti iwe ndogo usikie ukiitwa. Na mkoba wako uufunge kiunoni, kwa sababu wodini wezi wapo na wewe huoni.

Kabla ya kununua, hakikisha simu ina jairoskopu, yaani kile kihisi kinachojua kwamba umegeuza kichwa. Nyingi za bei ya chini hazina, na bila hicho picha inaganda palepale.

Si kila mtu itamfaa. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa amepoteza pacha mmoja, nikampa miwani nikidhani namsaidia. Ziwa, machweo, mashua zimetulia. Aliivua baada ya muda mfupi akasema kimya kile kinamrudishia mtoto wake. Niliona haya kwa kutomuuliza kwanza. Yeye alihitaji mkono wa mtu. Basi tukawa tunafanya hivi: anakaa kifua wazi, ameinamia meza, kichwa juu ya mikono, nami nasugua kwa vidole gumba pande mbili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni kushuka, huku anaangalia picha ya mtoto aliyebaki. Maziwa yake yalishuka vizuri kuliko yangu. Halikumgharimu hata senti.

Ndiyo maana nikisikia watu wanataka kuzichangia hospitali miwani, nafurahi na pia nawaomba waanze na kiti chenye mgongo. Na pazia. Na uji wa wimbi saa nane usiku, kwa sababu mama anayeamka kukamua usiku ana njaa. Nilikamua mwezi mzima kwenye benchi lisilo na pa kuegemea, nikianza siku chache tu baada ya kujifungua. Mwili unaouma hautulizwi na picha. Yakiwepo hayo matatu, leteni miwani, tena leteni video za kwetu: mtu wa Ahero apate mashamba ya mpunga, wa Dunga apate mafunjo na ziwa asubuhi, wa Kakamega apate msitu na mvua juu ya mabati. Bahari nisiyoijua ilinipa kichefuchefu. Nyumbani ndiko kulikonipa maziwa.

Kama una mama nasari sasa hivi na huna kamera ya nyuzi 360, simu ya kawaida yatosha. Iweke juu ya kitu imara, kimo cha mtu aliyekaa, mahali anapopenda kukaa akija kwenu. Iache irekodi dakika kumi bila kuigusa. Usimwambie mtu aseme pole wala atoe ushauri. Afanye kazi zake, na mwishoni amwite kwa lile jina la utotoni.

Tuliruhusiwa kwenda nyumbani mtoto akiwa na gramu 1,920, ananyonya mwenyewe. Miwani niliifuta, nikashona kitambaa kipya cha pamba pale inapogusa paji la uso, nikamwachia mama aliyeingia juzi yake. Video yangu sikumwachia. Nilimpa namba ya shemeji.