Kuvuta Tela: Gia za Mkono au Otomatiki?

SWALI: Nina gari dogo la gia za mkono na ninataka kuvuta tela. Je, ni kweli kwamba otomatiki haifai kwa kazi hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli. Otomatiki nyingi, hasa za pikapu, huanza safari kwa ulaini hata mlimani, kwa kuwa nguvu ya injini hupitia kwenye mafuta ya giaboksi (sanduku la gia) badala ya klachi inayosuguana. Adui mkubwa wa otomatiki ni joto, na mafuta hayo yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, mpelekee fundi gari upesi. Kwako wewe, usilizuie gari mlimani kwa klachi iliyokanyagwa nusu, bali tumia breki ya mkono. Uzito wa tela usizidi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari.