Kwenda Ninh Binh kwa treni kutoka Hanoi

Ndugu, umeuliza kama ukiwa Vietnam unaweza kwenda Ninh Binh kwa treni, urudi Hanoi jioni na upande ndege usiku huohuo. Kwenda hakuna shida. Kurudi ndiko kwenye hatari.

Ni kilomita kama 115, saa mbili na zaidi kidogo. Treni ya asubuhi inaanzia Hanoi kwenyewe, hivyo kwa kawaida huondoka kwa wakati. Ya kurudi imetoka Saigon, mbali kusini, imeshatembea zaidi ya saa 30 kwenye reli yenye njia moja tu, ya upana wa mita moja, kama reli yetu ya zamani ya kati. Treni mbili zikikutana, moja husubiri stesheni, na ucheleweshaji unajumlishwa njia nzima. Kwa hiyo lala Ninh Binh usiku mmoja, ndege iwe kesho yake.

Tiketi nunua kwenye tovuti ya shirika la reli, dsvn.vn, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Chagua "ngồi mềm", kiti laini. Kitanda cha nini kwa safari fupi hivyo? Karibu na Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, wahi mapema sana.

Treni haikai sana Ninh Binh, basi sogea mlangoni na mzigo wako mapema. Tam Coc, mahali pa watalii, iko kilomita chache kutoka stesheni: patana bei na bodaboda kabla hujapanda. Safari ya mtumbwi Trang An, kivutio kingine cha huko, huchukua kama saa tatu, na mtumbwi hauna kivuli. Beba kofia na maji.