Mwanangu, usiujaze ukumbi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ufanyeje na mpango wa meza za harusi: wageni 240, meza 24 za duara, watu kumi kumi, na kila siku simu inaita. Huyu haji, yule anakuja na mwenzake, na badiliko moja linavuruga meza tano. Wageni watabadilika hadi siku yenyewe, hilo usipigane nalo. Kinachokuumiza ni kuupanga ukumbi ukajaa pomoni. Akiongezeka mtu mmoja, lazima umhamishe wa pili, na wa pili anamhamisha wa tatu.

Panga watu tisa kwa meza. Meza ya duara yenye upana wa sentimita 180 ina mzingo wa kama sentimita 565. Ukiketisha kumi, kila mmoja anapata 56 na viwiko vinagongana. Ukiketisha tisa anapata karibu 63, na bado kiti cha kumi kinaingia ukikihitaji. Utahitaji meza 27. Kabla hujakubaliana na wenye ukumbi, pima nafasi. Ukingo wa meza hadi ukingo wa meza jirani acha sentimita 150, maana mtu aliyeketi hula kama 50 nyuma yake, na katikati ya migongo miwili lazima apite mhudumu na sinia. Kwa hiyo kila meza inataka mraba wa mita 3.3 kwa 3.3, meza 27 ni kama mita za mraba 295, bado hujaweka jukwaa, meza kuu na pa kuchezea. Zisipoenea, meza za watu waliokwisha kuthibitisha zibebe kumi, na nafasi za akiba uziache kwenye meza za ndugu. Huko ndiko kunakobadilikabadilika.

Kwenye orodha ya wageni, kila mtu awe na mstari wake. Ukiandika "familia ya fulani" hujui umeandika watu wawili au sita. Safu zinazotosha ni jina kama lilivyo kwenye kadi, simu, upande, namba ya meza, asichokula, amethibitisha au bado. Mtoto anayekalia kiti chake ahesabiwe. Wapiga picha, wapiga muziki na madereva nao watakula, na mara nyingi ndio wanaosahauliwa; waweke kwenye hesabu ya mpishi hata kama hawamo kwenye mpango wa meza.

Mgeni mpe namba ya meza, kiti achague mwenyewe. Wanaopangiwa kiti ni wa meza kuu, wazee, na mwenye kiti cha magurudumu: huyo ondoa kiti kimoja mezani pake na umwachie njia ya sentimita 90 kutoka mlangoni. Wazee wasikae karibu na spika. Na wale wasiosemezana, kutenganisha meza hakutoshi. Angalia wakiketi wasiwe wanatazamana uso kwa uso.

Sasa mabadiliko. Mtu akighairi, acha pengo lilivyo. Usikimbilie kulijaza, maana utalihitaji. Tuseme mjomba wa bwana harusi yuko meza 7 yenye watu tisa, anapiga simu keshokutwa ni harusi, anakuja na mkewe na kijana wao. Wamekuwa 11. Meza 8 kuna aliyeghairi, wamebaki wanane. Chukua mke na mume mmoja wa meza 7 wanaojuana na watu wa meza 8, wahamishe pamoja. Meza 7 inabaki na tisa, meza 8 inakuwa na kumi, basi. Badiliko likigusa meza ya tatu, lifute uanze upya.

Anayeruhusiwa kubadilisha orodha awe mtu mmoja, na asiwe wewe. Wengine wote, hata mimi, wampigie yeye. Kila nakala iandikwe tarehe na saa juu, na ya zamani ichanwe. Fujo nyingi za mlangoni hutokana na mshereheshaji kushika orodha ya Jumatano na wapokeaji wageni ya Ijumaa. Ubao wa majina uchapishwe jioni ya kuamkia harusi, majina kwa alfabeti. Ukiyapanga kwa meza, kila mgeni atasoma meza zote 27 akijitafuta, na foleni itafika nje. Kwa watu 240 weka mbao mbili, A hadi L na M hadi Z.

Asiye kwenye orodha asijadiliwe mlangoni. Aketishwe pembeni kidogo mpaka mwenye orodha amwonyeshe kiti cha kumi kilipo wazi. Meza iliyobaki na watu watatu iunganishwe kabla chakula hakijatoka. Sahani ikishawekwa, mwache mtu ale.

Ukimaliza kupanga upande wetu nitumie kwanza. Shangazi zako hasa, usiwape namba kabla hujaniuliza.

Mama yako