Vijiti Viwili Mkononi mwa Ezekieli: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kuona kwamba pamoja na shughuli zako zote bado Neno linakusumbua. Unasema kuwa mhubiri wenu, katika ibada ya kupatanisha sharika mbili zilizogombana, alichukua vijiti viwili akavifunga kwa kamba mbele ya watu na kusoma Ezekieli 37, ambapo nabii anaambiwa aunganishe kijiti cha Yuda na kijiti cha Yusufu. Nawe unauliza kama tendo la namna hiyo si maigizo tu, hasa kwa kuwa yale makabila 10 ya kaskazini ya Israeli hayakurudi tena kuwa taifa.

Kwanza uwafikirie watu waliolishuhudia tendo la Ezekieli mwenyewe. Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 KK, akaishi Tel-abibu karibu na mto Kebari, kati ya wahamishwa wenzake wa Yuda. Ufalme wa kaskazini, ambao nabii anauita Yusufu na Efraimu, ulikuwa umeangushwa na Waashuru tangu mwaka 722 KK, na hata kabla ya hapo falme hizo mbili zilikuwa zimekaa mbalimbali kwa karne mbili. Kijiti cha kwanza, basi, kilikuwa cha wasikilizaji wenyewe. Cha pili kilikuwa cha watu ambao hakuna aliyekuwapo pale aliyewahi kuishi nao chini ya mfalme mmoja. Ilikuwa kama kumwekea sahani ndugu ambaye ukoo ulishaanua matanga yake.

Sasa soma mistari yenyewe taratibu, kuanzia wa 16. Nabii anaambiwa aandike jina kwenye kila kijiti, kisha avishike pamoja viwe kimoja mkononi mwake. Andiko halitaji kamba, wala halisemi kwamba majina yafutwe. Watu wanapouliza maana yake, jibu la mstari wa 19 linahamisha mkono: vijiti vilivyokuwa mkononi mwa nabii, Bwana anasema vitakuwa kimoja mkononi mwake yeye. Hapo ndipo ninapoona uzito wa tendo zima. Yuda hakumeza Efraimu, wala Efraimu hakuambiwa aache jina lake ndipo apokelewe. Wote wawili wanakuwa kimoja kwa sababu kuna anayewashika. Kwa hiyo simlaumu mhubiri wenu kwa kutumia vijiti, ila kamba ingenipa shida, maana inawafanya watu wadhani kwamba umoja ni kazi ya fundo zuri. Mkirudia tendo hilo, andikeni majina ya sharika zote mbili kwa herufi zinazosomeka hata na walio nyuma, kisha mtu avishike tu.

Kuhusu maigizo, kumbuka kwamba nabii hakuwa akipamba hotuba. Nabii Ahiya wa Shilo alipokutana njiani na Yeroboamu, aliyekuja kuwa mfalme wa makabila 10 ya kaskazini, vazi jipya lilichanwa kweli vipande 12, na Yeroboamu akapewa 10, wakati Sulemani angali kwenye kiti chake na ufalme haujagawanyika. Vazi lililochanwa halirudi kuwa zima, na aliyeondoka na vile vipande hakuwa ameondoka na mfano, alikuwa ameondoka na ahadi. Ndivyo ninavyovielewa pia vijiti vya Ezekieli: Mungu anajifunga kwa jambo linaloonekana kabla halijatimia.

Swali lako gumu ni lile la makabila yasiyorudi, na sitaki nikujibu kwa mkato. Mtazame Eliya pale Karmeli. Alikuwa katika nchi ya mfalme Ahabu, ufalme wa makabila 10, lakini alipoijenga upya madhabahu ya Bwana alichukua mawe 12, kwa hesabu ya wana wa Yakobo. Mipaka ya wafalme haikuibadilisha hesabu hiyo. Kisha fungua Ezra 6. Hekalu linawekwa wakfu baada ya uhamisho, katika utawala wa Dario, mfalme wa Uajemi, na waliorudi wengi wao ni wa Yuda, Benyamini na Lawi. Hata hivyo wanatoa mabeberu 12 kuwa sadaka ya dhambi kwa ajili ya Israeli wote, kwa idadi ya makabila, yakiwamo yale ambayo huenda wengi walikuwa wamekata tamaa nayo. Ninaamini hii ndiyo maana ya matendo haya yote: anayeyatenda anakataa kuhesabu watu pungufu ya alivyowahesabu Mungu, hata pale macho yake yanapoona wachache. Wayahudi wanaendelea kuungojea utimilifu wake, na sisi Wakristo tunausoma kwa yule mchungaji mmoja, Daudi, anayetajwa katika mstari wa 24.

Zekaria 11 tutaizungumza ukija likizo. Pale nabii anaivunja fimbo ili kuuvunja undugu wa Yuda na Israeli, tena baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni, na jambo hilo halifai kupitiwa juu juu katika barua. Uisome mapema, pamoja na sura ya 10 inayoitangulia.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi baba yako